Kikilia, Acha Kuhesabu

Jumanne, 2 Machi 2004

Tangu Januari Mosi hakuna mtoto hata mmoja aliyekutwa na nimonia Mkumbalulu. Kasema Eustace, mratibu wa mradi wa Pumzi Salama, leo saa nne na nusu asubuhi, mbele ya wageni wawili kutoka Dar na wanakijiji kama mia moja na hamsini. Watoto waliopimwa: sabini na watatu. Wenye nimonia: sifuri.

Mkumbalulu iko upande wa Likunja, kilomita ishirini na tatu kutoka Ruangwa mjini. Mvua imenyesha siku tisa mfululizo. Vihenge vimebaki vumbi. Kila mtoto niliyemwona ana kamasi. Na nimonia sifuri! Niliandika sifuri, nikaipigia mstari.

Mhudumu wa kujitolea wa kijiji ni Mwanaima. Miaka thelathini na kitu, darasa la saba, mwandiko kama wa chapa. Kazi yake: mtoto akikohoa analetwa kwake, anahesabu pumzi za dakika moja. Wa chini ya mwaka akifika hamsini, au aliyevuka mwaka akifika arobaini, ni nimonia — anapewa septrini siku tano. Asiyefika anapewa panadol na kurudishwa nyumbani. Makopo mawili ya septrini yalikuwa mezani, lakiri haijavunjwa. Eustace aliyainua juu kama kombe la mpira. Makofi. Vigelegele.

Nilimuuliza Mwanaima siri ni nini. — Tunanawa mikono, dada, na akina mama wananyonyesha. Alijibu akimwangalia Eustace.

Nikanakili mistari kumi ya rejesta yake, kwa sababu tu ilikuwa nadhifu. Dakika mbili na nusu za sauti kwenye kanda. Nimeisoma Dar kwa simu ya posta saa kumi jioni. Habari safi, fupi, ya furaha. Sijaipenda.

Alhamisi, 4 Machi

Ilitoka jana, taarifa ya saa mbili. Amedeus, mhariri wangu, kanipongeza kwenye simu. Kasema habari njema kutoka Kusini haziji kila siku, nimtafutie nyingine.

Leo Chiola. Mhudumu wa huko ni Ignasi, mkulima, aliwahi kuwa katekista. Mradi uleule, mafunzo yaleyale, mvua ileile. Yeye tangu Januari kapima watoto hamsini na wanne, wenye nimonia kumi na tisa. Septrini inamwishia. Eustace naye alikuwepo, kaja kukagua. Kamsema mbele ya watu: — Ignasi, wewe unaona nimonia hata kwa mbuzi! Mwenzako wa Mkumbalulu hajafungua kopo. Wewe unagawa dawa kama njugu za harusini.

Ignasi kajibu polepole: — Bwana mratibu, mimi sigawi. Mimi nahesabu.

Watu walicheka. Eustace hakucheka. Kamwandikia onyo palepale, juu ya boneti ya gari, kampa asaini.

Gari lilipowashwa aliletwa mtoto wa miaka miwili. Ignasi alivua saa yake ya mkononi, kioo kina ufa, akaiweka gotini. Kifaa cha mradi cha kuhesabia dakika kimeisha betri tangu Desemba, kasema, na betri nyingine haijaletwa. Alihesabu dakika nzima, midomo ikicheza kama anayesali rozari. Arobaini na saba. Wa ishirini huyo. Eustace alikuwa ameshaondoka.

Vijiji viwili. Kimoja theluthi ya watoto, kingine sifuri. Nawa mikono utakavyonawa.

Ijumaa, 5 Machi

Nimempelekea Sista Goreti ile mistari kumi ya rejesta. Goreti ni muuguzi wa misheni nje kidogo ya mji hapa Nachingwea, miaka ishirini na sita kazini, hapendi waandishi ila ananivumilia. Nilisoma, yeye akikunja bandeji. Miezi mitatu, pumzi 26. Miezi saba, 31. Miezi mitano, 22.

Bandeji zikasimama. — Rudia hiyo ya mwisho.

— Miezi mitano, ishirini na mbili.

— Huyo si mtoto. Huyo ni babu anayesinzia kwenye mahubiri!

Kanieleza. Mtoto mchanga mzima, amelala, hajaguswa, anakwenda thelathini hadi arobaini na kitu. Kijiji kizima cha watoto wanaokohoa hakiwezi kupumua kama wazee. Ama dakika yao ni fupi, ama mtu anakatisha.

Nimempigia Eustace mara tatu. Yuko field. Mara ya nne — bado yuko field. Hiyo field ina ukubwa gani?

Jumamosi, 6 Machi

Nimetoka saa kumi na mbili asubuhi kwa pikipiki. Kupita Ruangwa, kilomita nane tu, tope hadi ekseli. Nikakutana na gari la mradi linarudi. Dereva ni Edwin, kijana wa mjini, anasikiliza redio ya Dar kutwa.

— Mama Redio, huko mbele noma. Rudi tu.

Nyuma ya gari, makopo mawili ya septrini yamefungwa kwa kamba ya mpira. Nikauliza. Ya Mkumbalulu. Bosi kasema kule hayana kazi, na muda wake unaisha mwezi wa tano. Yarudi stoo yasije yakaharibikia kijijini.

Nimerudi. Siku imepotea.

Jumapili, 7 Machi

Nimefika saa tatu na robo. Nimeona kwa macho yangu. Naandika kwa mpangilio.

Kifaa cha Mwanaima ni kidude cheupe cha plastiki, ukubwa wa kiberiti, kinaning'inia shingoni kwa kamba. Kinadunda kila sekunde. Kinalia. Kijijini wanakiita kijogoo.

Akaja Albina na mwanawe Jonasi, miezi tisa, aliyezaliwa wakati wa kuvuna ufuta. Kikohozi siku nne. Mwanaima alimpandisha fulana, akasubiri atulie, akabonyeza. Macho hayakutoka tumboni mwa mtoto. Kazi safi kabisa. Kijogoo kikalia mlio mmoja. Akaacha.

— Thelathini na moja. Hana nimonia, Albina. Panadol nusu, maji ya kunywa, arudi kesho kutwa.

Nikamwomba asikizime. Kikaendelea kudunda. Baada ya nusu dakika nyingine kikalia tena, safari hii mara mbili kwa kufuatana.

— Na hilo la pili ni la nini? nikauliza.

— Jogoo la pili ni la wavivu, dada. Sisi wakulima tunaamka la kwanza.

Wanawake barazani walicheka. Mimi nikatazama saa yangu. Kilio cha kwanza: sekunde thelathini. Cha pili: sitini.

Hakuniamini. Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya mafunzo ndani ya mfuko wa nailoni. Mstari wa nne, kwa chapa: *Kikilia, acha kuhesabu.* Basi. Mafunzo yalikuwa siku moja Nachingwea, watu hamsini chumba kimoja, kifaa kimoja kikipitishwa mkono kwa mkono. Mwalimu alisoma karatasi. Kikilia, acha. Yeye kaacha. Kafanya sawasawa alivyoambiwa, mara sabini na tatu. Aliyeandika karatasi alisahau kwamba kinalia mara mbili.

Na Ignasi kaokoka kwa sababu betri yake ilikufa!

Nikamwomba Mwanaima amhesabu Jonasi hadi kilio cha mwisho. Sitini na mbili. Akarudia. Sitini na moja. Akachukua rejesta na penseli, akaanza juu kabisa, kila namba akaizidisha kwa mbili na kuiandika pembeni. Kurasa tatu. Hakuna aliyecheka tena. Kati ya wale sabini na watatu wa hadi Jumanne, ishirini na wanane wamevuka mpaka. Penseli ilisimama mstari wa 41. Ikashuka hadi wa 58.

— Huyu tulimzika Februari, kasema. Na huyu. Walisema homa.

Akafunga rejesta.

Halafu dawa. Kwenye rafu kuna alama mbili za duara pale makopo yalipokuwa. Jana saa nne yalikuwa hapa. Nilipishana nayo kwenye tope, nikayaandika kwenye daftari.

Mbavu za Jonasi hazijaanza kuzama akivuta pumzi. Ananyonya. Maana yake vidonge vinatosha, vikipatikana leo. Nikasema nimpakie Albina na mtoto kwenye pikipiki, twende Ruangwa sasa hivi. Albina akamwangalia mama mkwe wake. Mumewe yuko shamba la mbali analinda mahindi yasiliwe na nguruwe, anarudi Jumatano. Mwenye kauli ni mama mkwe. Mtu mzima, Kimwera kwanza, Kiswahili baadaye, lakini alinitosha:

— Wewe si ndiyo Mama Redio? Juzi umesema hapa hakuna. Watu wote tumesikia. Leo ipo? Imeshuka na basi?

Wanawake walicheka tena, kwa sauti ya chini. Nikaeleza habari ya kilio cha kwanza na cha pili. Akasikiliza hadi mwisho.

— Mjukuu wangu hapandi pikipiki ya mtu wa kauli mbili.

Mwanaima alimsihi. Alichosema mama mkwe ni kweli, kilisikika nchi nzima.

Maduka mawili ya dawa Ruangwa, nimeyagongea wakati wa kurudi. Septrini hakuna. Rangi mbili zipo tele, nichukue ngapi? Sikuchukua. Goreti alishaniapisha nisimpe mtoto vidonge vya rangi mbili vinavyofunguliwa na kukisiwa kwa kijiko.

Jumatatu, 8 Machi

Siku ya Wanawake Duniani. Ofisi ya mradi wazi, watu hakuna. Mtunza stoo yupo. Makopo ya Mkumbalulu yapo, nimeyaona kupitia wavu wa dirisha. Hatoi bila saini ya mratibu. Mratibu yuko uwanjani anahutubia.

Nikaenda uwanjani. Kanga za sare, ngoma, jua kali baada ya mvua. Eustace anasoma hotuba kuhusu afya ya mama na mtoto. Anatoa mfano wa Mkumbalulu! Nikamngoja penye kreti za soda. Nikamweleza yote kwa dakika tatu: kilio cha kwanza, kilio cha pili, ishirini na wanane, wawili waliozikwa, Jonasi sitini na mbili.

Si mjinga. Alielewa kabla sijamaliza. Nilimwona akielewa.

— Mama, tusikurupuke. Takwimu zimeshafika Dar. Watathmini wanakuja tarehe ishirini na tisa. Rejesta ikiguswa sasa hivi, hiyo inaitwa kughushi.

— Sijasema rejesta. Nasema septrini irudi leo.

— Nitapelekaje dawa kwenye kijiji kisicho na wagonjwa?

— Wapo. Nimewaona.

— Umewaona wewe. Rejesta haijawaona.

Nikatoa kinasa sauti, nikamwomba arudie hiyo sentensi. Akafunika maikrofoni kwa kiganja, kwa upole kabisa, kama anayefunika kikombe cha chai kisiingie nzi. Akaitwa jukwaani kupokea zawadi ya kanga kwa niaba ya mradi.

Nimebaki pale nimeshika soda aliyoniachia.

Jumanne, 9 Machi

Posta, saa mbili asubuhi. Amedeus:

— Jumatano hakuna, Jumanne ipo. Nani kasema?

— Mimi. Nimehesabu.

— Wewe si chanzo, dada. Wewe ni mwandishi. Nipe sauti ya mratibu, au daktari, au barua yenye muhuri.

Alikuja kwangu mwaka tisini na mbili kujifunza kazi. Hiyo kanuni nilimfundisha mimi. Alipoikosea mara ya kwanza nilimrarulia karatasi.

Kasema akipata sauti ya Eustace anaweza kunipa sekunde ishirini. Ile ya sifuri alinipa dakika mbili na nusu.

Stoo tena. Mratibu katoka. Wapi? Field!

Goreti naye hana kitu. Mzigo wa misheni umekwama njiani tangu wiki iliyopita. Kanichania kipande cha karatasi, kaandika kwa herufi kubwa: wa chini ya mwaka, nusu kidonge asubuhi na jioni, aliyevuka, kimoja asubuhi na kimoja jioni, SIKU TANO AU USIMWANZIE. Akapigia mstari mara mbili. — Na mbavu zikizama, kasema, achana na vidonge. Hospitali, sindano. Usibishane na mtu.

Adhuhuri Chiola. Nikamweleza Ignasi. Akafungua kopo, akahesabu vidonge thelathini juu ya karatasi ya daftari. Koponi vikabaki vya watoto wawili, labda watatu. Akafungua rejesta yake, akaandika: *Vidonge 30 — Mkumbalulu.*

Nikamkumbusha kwamba tayari ana onyo.

— Ndiyo maana naandika, kasema. Wasije wakasema nimevila.

Saa kumi mvua. Mto mdogo baada ya Chiola umefunika daraja. Nimelala kwa shemeji yake Ignasi. Siku nyingine imepotea — ya pili tangu Jonasi ahesabiwe.

Jumatano, 10 Machi

Mkumbalulu, saa nne kasoro.

Mwanaima katembea nyumba kwa nyumba siku tatu. Hakungoja barua ya mtu. Kahesabu upya kila mtoto anayekohoa, hadi kilio cha mwisho. Kumi na mmoja wamevuka. Wachanga watano, Jonasi akiwemo. Waliovuka mwaka, sita.

Jonasi sabini. Mbavu za chini zinazama kila anapovuta. Hanyonyi tangu alfajiri. Baba yake karudi leo, amesimama mlangoni, kofia mkononi. Kasema: — Mama akisema aende, aende. Mama akakataa. Kasema hizo namba ni za Mama Redio na Mwanaima, na Mwanaima huyohuyo alisema thelathini na moja.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mwanaima akanikanyaga mguu. Akachukua ungo na bakuli la mbaazi, akamketisha bibi mkekani.

— Bibi, usihesabu kwa Kiswahili. Usihesabu kabisa. Tumbo la mtoto likipanda, tia mbaazi moja kwenye ungo. Mimi nitakuambia basi.

Pembeni wakamlaza mjukuu mwingine, mtoto wa shemeji yake Albina, miezi kumi, mzima, kashiba, kalala. Akaanza naye. Bibi akatia mbaazi taratibu, moja, moja, akipumzika katikati. Dakika ikaisha. Mwanaima akasogeza lile rundo upande mmoja. Kisha Jonasi. Mkono wa bibi ulianza polepole. Ukawa unakimbia. Kufika katikati mbaazi zilikuwa zinamdondoka mkekani, hapati nafasi ya kuziokota. — Basi, kasema Mwanaima.

Marundo mawili kwenye ungo mmoja. Hakuna aliyetaja namba. Bibi aliyatazama. Akayasawazisha kwa kiganja, kama yatalingana. Akamwambia mwanawe maneno mawili kwa Kimwera. Baba akaenda kuleta kanga za kumfungia mtoto.

Kabla ya kuondoka, vidonge. Thelathini kwa watoto kumi waliobaki. Mwanaima alitaka kuwagawia wote, vitatu vitatu — wote waonje, kasema, nitamwambia nini asiyepata? Nikamwonyesha karatasi ya Goreti. Akaisoma mara mbili. Hesabu ni hii: wachanga wanne, vidonge vitano kila mmoja, ishirini. Vinabaki kumi. Aliyevuka mwaka anakula kumi. Mmoja tu.

Alichagua mwenye pumzi nyingi kuliko wenzake. Miaka miwili, hamsini na nne. Alimhesabu tena kabla ya kumpa mama yake dawa, kuhakikisha. Mama watano walibaki wamesimama ukutani na watoto mgongoni.

Mmoja kauliza: — Na sisi lini?

Nikasema Ijumaa. Sijui kwa nini nilisema Ijumaa. Sikuwa na hata kidonge kimoja cha Ijumaa.

Kilomita ishirini na tatu, mwendo wa saa mbili na dakika kumi. Albina nyuma yangu, Jonasi katikati. Nilimsikia mtoto mgongoni kwangu njia nzima, anakoroma mfupimfupi. Mnyororo umekatika mara moja, nimeufunga kwa waya. Ruangwa saa tisa na dakika ishirini. Sindano ya kwanza saa tisa na dakika thelathini na tano. Nimeangalia saa.

Alhamisi, 11 Machi

Wodini, saa moja asubuhi: sitini na nne. Mbavu bado zinazama. Maziwa kakataa. Daktari wa zamu kasema sindano kila baada ya saa sita, ni mapema mno kusema neno lolote. Nikamuuliza lini haitakuwa mapema. Kasema Ijumaa mchana. Albina hajalala. Kauliza kama anaruhusiwa kuhesabu mwenyewe. Nimemwachia saa yangu.

Mnyororo umekatika tena, safari hii haufungiki. Nimepakia pikipiki kwenye lori la mbao, nikafika Nachingwea saa saba.

Ofisini kwa mradi kuna barua mbili, nimepewa nakala; habari za vijijini zimewafikia kabla yangu. Ya kwanza: Ignasi, kutoa dawa za mradi nje ya eneo lake bila kibali. Ya pili: Mwanaima, amesimamishwa kazi. Sababu, nanukuu: *ongezeko lisilo la kawaida la wagonjwa wa nimonia ndani ya siku tatu.* Ahudhurie kikao Jumatatu tarehe 15 Machi, saa tatu asubuhi, akija na maelezo ya maandishi.

Barua yenye muhuri! Nikakimbia nayo posta. Nikamsomea Amedeus neno kwa neno. Kasema hiyo sasa ni chanzo. Kesho, taarifa ya saa mbili, sekunde arobaini — lakini lazima Eustace apewe nafasi ya kujibu kabla ya saa kumi. Kanuni ileile.

Saa tisa mtu kashuka kwenye lori la mihogo na karatasi ya Mwanaima. Mwandiko uleule wa chapa. *Dada, salamu. Wale wachanga wanne wanakula dawa vizuri, wawili wameshuka chini ya hamsini. Kati ya watano wa ukutani mmoja amefika 58 leo asubuhi, jana alikuwa 49. Nimesikia nimesimamishwa. Niendelee kuhesabu au ningoje kikao?*

Nimemjibu nyuma ya karatasi hiyohiyo, mstari mmoja: *Hesabu. Mbavu zake zikizama, hospitali usiku huohuo, usiningoje.* Lori limeondoka nayo saa kumi.

Saa kumi na nusu kwa Goreti. Mzigo wa misheni umefika leo! Nikamwambia watano, wote wamevuka mwaka. Kahesabu hamsini, kavifunga kwenye bahasha tano, kila bahasha na jina la mtoto. Kaniuliza nakwendaje huko na pikipiki mbovu.

Swali zuri. Basi la Ruangwa haliendi upande ule. Gari moja tu linakwenda Mkumbalulu kesho: la mradi. Linakwenda kuchukua rejesta na sanduku tupu la dawa la Mwanaima.

Nimempata Edwin anaosha vioo. Nikaomba lifti.

— Bosi mwenyewe anakwenda, Mama Redio. Atakaa mbele.

— Nitakaa nyuma. Nina maswali yake, lazima ayajibu kabla ya saa kumi.

Kacheka. Kaangalia mkoba wangu, kaangalia pembeni.

— Mimi sijaona mkoba. Kaa nyuma, kumbatia huo mzigo wako, usiongee mpaka tupite Ruangwa.

Nimemwambia Ruangwa lazima tusimame, dakika tano tu, wodini. Kasema hilo nimwombe bosi.

Kuondoka: Ijumaa 12 Machi, saa moja kamili asubuhi, getini kwa mradi.